Mpolisi Akivuka Mpaka, Amri Yake Huishia Wapi?

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa mji, Kamalondo, Lubumbashi



Wakubwa wa mkutano wameniomba niseme juu ya polisi. Nimekubali, lakini kwanza tupatane neno moja. Sikuja hapa kutukana polisi. Mpolisi ni mtoto wa watu kama sisi. Usiku mwizi akiingia Katuba au Kenya, ndiye tunayemwita. Ninalotaka kusema ni hili: mpolisi ana nguvu kwa sababu sheria imempa, na sheria haikumpa nguvu hiyo mahali pote. Pana mahali inapoanzia na mahali inapoishia. Mtu asiyejua mahali hapo hukamatwa kama kuku, bila kujua ni nani amemshika wala anapelekwa kwa nani.

Jambo lililotufikia

Majuma machache yaliyopita mwenzetu mmoja, mchimbaji, baba wa watoto wanne, alitolewa nyumbani kwake alfajiri. Walikuja watu wawili, mmoja amevaa nguo za polisi, mwingine nguo za kawaida. Walisema wametoka mji mwingine, katika jimbo lingine. Jina la mji silitaji, maana hatukuja hapa kushitaki mtu. Mke wake akauliza: “Mnampeleka wapi?” Wakajibu: “Utajua.” Akauliza tena: “Barua iko wapi?” Wakamwonyesha karatasi iliyokunjwa, nao hawakuikunjua. Wakampandisha garini, wakaenda zao.

Sasa sikilizeni. Mimi ndiye ninayeandika majina ya zamu yetu. Asubuhi ile niliandika mbele ya jina lake alama ya mtu asiyefika kazini. Siku ya pili nikaandika tena. Siku ya tatu tena. Ninyi mnajua desturi ya kazi: alama zikijaa, mtu hufukuzwa. Basi kalamu yangu ilikuwa inamfukuza mwenzangu, na mimi sikujua.

Siku ya nne mke wake akaja mlangoni pa ofisi na mtoto mgongoni. Tukapiga simu huku na huku, mpaka tukamkuta katika buloko, safari ya siku nzima kutoka hapa. Kosa lake nini? Deni. Mtoto alipougua, alikopa franga kwa mchuuzi mmoja, naye hakumaliza kulipa. Deni ni la kweli, mwenyewe hakani. Alitoka baada ya ndugu zake kuchanga franga. Risiti hakupewa, uso wa juji hakuuona. Ukitafuta leo katika vitabu, huwezi kukuta kwamba mtu yule aliwahi kufungwa. Karatasi pekee inayoonyesha kwamba hakuwa nyumbani kwake siku zile ni daftari langu mimi, na daftari langu linasema alikuwa mvivu.

Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Jogoo la shamba

Wazee walisema: jogoo la shamba haliwiki mjini. Kwao ni jogoo kweli, kuku wote wanamsikia. Lakini mlete mjini, hapa pana wenyewe. Mpolisi naye ni hivyo. Mahali alipopangwa kazi ana sauti. Akitoka pale, sharti aombe sauti kwa wenyewe.

Najua mmoja wenu atasimama aniambie: “Karani, unadanganya. Polisi ya Kongo ni moja, kutoka Matadi mpaka Sakania.” Ndugu huyo anasema kweli, lakini anasema nusu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 183, inasema polisi ya taifa inafanya kazi katika nchi nzima. Lakini neno halikuishia pale. Inaendelea kusema: kwa kuheshimu Katiba na sheria za Jamhuri. Tena inasema hakuna mtu anayeweza kuigeuza polisi hiyo itumikie faida yake mwenyewe. Basi chombo ni cha nchi nzima, lakini mtu mmoja mmoja ndani yake amewekwa mahali, chini ya mkubwa fulani na parke fulani.

Na tena si kila aliyevaa nguo za polisi anaweza kuanza mashtaka. Kazi ya kusikiliza mashtaka, kuandika maneno ya mshitakiwa na kumfunga kwa kumhoji ni ya yule tunayemwita OPJ, naye anaifanya katika eneo la kazi yake, akiangaliwa na parke. Jambo likitoka nje ya eneo hilo, parke ya kule huiandikia parke ya hapa na kuomba msaada. Parke ya hapa hutuma watu wake. Ndivyo mwenye nyumba anavyopewa heshima yake, na ndivyo mshitakiwa anavyojulikana yuko mkononi mwa nani.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Tazameni Marekani. Ile ni nchi moja, lakini ndani yake mna majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake na polisi wake. Mpolisi wa jimbo moja akivuka mstari kuingia jimbo la jirani, kwa kawaida huwa kama mpita njia mwingine, isipokuwa pale sheria ya jirani inapomruhusu, kama vile anapomfukuza mhalifu anayekimbia mbele ya macho yake. Mshitakiwa akiisha kuingia jimbo lingine, serikali ya kwanza huiandikia ya pili imrudishe. Nchi yenye nguvu namna ile haikuona aibu kumwekea polisi wake mpaka.

Watu wawili wa mji huu

Wandugu, sasa nataka kuwakumbusha mambo yaliyopita hapa kwetu. Najua ndani ya ukumbi huu wako wajukuu wa watu waliompenda Lumumba, na wako wajukuu wa watu waliompenda Tshombe. Babu yangu mwenyewe alikuwa mtu wa Konakati, na mpaka anakufa hakubadilika. Leo sitaki tuanze ugomvi wa wazee. Nataka tuangalie jambo moja tu: watu hawa wawili walipovushwa mpaka, nani alikuwa na haki ya kuwashika?

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwamba Katanga imejitenga. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua. Kule Léopoldville, tarehe 5 Septemba, Rais Kasa-Vubu alimwondoa Patrice Lumumba katika kazi ya waziri mkuu, na tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akashika nguvu. Lumumba akabaki nyumbani. Askari wa Umoja wa Mataifa walimlinda kuizunguka nyumba, na nyuma yao askari wa Mobutu walimngoja. Usiku wa tarehe 27 Novemba akatoka kwa siri, akishika njia ya Stanleyville. Tarehe 1 Desemba wakamkamata kwenye mto Sankuru. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameamriwa wasiingie kati yake na wale wanaomfuata. Ulinzi wao ulikuwa wa nyumba tu. Akitoka nyumbani, hawamo.

Wakamfunga Thysville. Kisha tarehe 17 Januari 1961, bila hukumu ya korti yoyote, wakampandisha ndege pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Waliwapiga ndani ya ndege. Ndege ikashuka hapa hapa petu, Luano. Askari wachache wa Umoja wa Mataifa, Waswidi, waliwaona wakishushwa na kusukumwa, wakabaki wakitazama. Usiku ule ule watu wale watatu walipigwa risasi porini Shilatembo, kadiri ya kilometa 50 kutoka mji huu. Wakubwa wa Katanga walikuwapo.

Na pale porini walikuwapo pia watu waliotoka mbali zaidi. Alikuwapo Frans Verscheure, komisere wa polisi, Mbelgiji. Alikuwapo Kapteni Julien Gat, Mbelgiji vilevile. Siku chache baadaye Mbelgiji mwingine wa polisi, jina lake Gérard Soete, aliifukua miili, akaikata, akaiyeyusha katika asidi, hiyo asidi ambayo sisi watu wa mgodi tunajua inavyokula chuma. Alibaki na meno. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, alisimulia hayo yote kwa mdomo wake mwenyewe.

Nawauliza: Mbelgiji yule alikuwa mpolisi wa nani? Kama alikuwa polisi wa Ubelgiji, Ubelgiji haikuwa tena na amri hapa tangu tarehe 30 Juni. Kama alikuwa polisi wa Kongo, serikali gani ya Kongo ilimtuma? Kama alikuwa polisi wa Katanga, Katanga haikutambuliwa na nchi yoyote. Alivaa nguo za amri, lakini nyuma ya nguo hapakuwa na sheria. Kukawa na bunduki, na pipa la asidi.

Tarehe 13 Februari 1961 waziri Godefroid Munongo alitangaza kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Kila mmoja akanawa mikono. Léopoldville wakasema: sasa yuko Katanga. Katanga wakasema: ni wanakijiji. Umoja wa Mataifa wakasema: amri haikuturuhusu. Brussels wakasema: ni mambo ya Waafrika wenyewe. Ilipita miaka 41 mpaka serikali ya Ubelgiji, Februari 2002, ikaomba radhi. Jino moja lilichukuliwa na wakubwa wa sheria wa Ubelgiji mwaka 2016 kutoka kwa binti wa Soete, na tarehe 20 Juni 2022 wakalirudisha kwa watoto wa marehemu. Jino hilo lilipitishwa hapa kwetu na Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa, Limete, tarehe 30 Juni 2022.

Sasa mtu wa pili. Mwaka 1963 kujitenga kwa Katanga kulikwisha. Tshombe alikuwa waziri mkuu wa Kongo nzima mwaka 1964 na 1965, kisha akakimbilia Hispania. Mwezi wa Machi 1967 korti ya Kinshasa ilimhukumu kufa, naye hayupo. Tarehe 30 Juni 1967, siku ya uhuru wetu, alikuwa ndani ya ndege ndogo juu ya bahari ya Mediterania. Mfaransa mmoja, Francis Bodenan, alitoa bastola akawalazimisha marubani washuke Algeria. Mtu huyu hakuwa polisi wa Algeria wala wa Kongo wala wa Hispania. Lakini Tshombe alipokanyaga ardhi, mlango wa kifungo ulifungwa nyuma yake.

Kinshasa ikamwomba. Tarehe 21 Julai korti kuu ya Algeria ikakubali arudishwe. Lakini serikali haikumrudisha, wala haikumwachilia, wala haikumhukumu. Akakaa vile vile karibu miaka miwili, mpaka akafa kifungoni tarehe 29 Juni 1969. Kaburi lake liko Brussels.

Basi wandugu, mmoja amebaki na jino Limete, mwingine na kaburi Ulaya. Maadui wawili, na ubaya ni ule ule: kila mmoja alivushwa mpaka na watu wasiokuwa na haki, akaanguka katika shimo lililo kati ya amri na amri. Babu yangu alilia kwa ajili ya mmoja, jirani yake akalia kwa ajili ya mwingine. Hawakujua kwamba walikuwa wakililia jambo moja.

Mpaka una makali mawili

Hapo ndipo nataka mfahamu sana. Mpaka ni kama panga lenye makali mawili. Upande mmoja unatulinda: unamwambia mpolisi wa mbali, “Simama, omba kwanza.” Upande wa pili unaweza kutuua: unampa kila mkubwa neno la kusema, “Si mimi, ni yule wa ng’ambo.” Kwa hiyo haitoshi kupiga kelele kwamba mpolisi amevuka mpaka. Sharti tuulize jambo lililo kubwa zaidi: saa hii, dakika hii, ni nani anayejibu kwa ajili ya mtu huyu? Jina lake ni nani, na limeandikwa wapi?

Mambo haya hayakwisha na wazee. Mwezi wa Novemba 2024, Kizza Besigye, mpinzani anayejulikana wa Uganda, alichukuliwa Nairobi, nchini Kenya. Siku chache baadaye akaonekana mbele ya korti ya askari, Kampala. Kati ya Nairobi na Kampala pana mpaka wenye ofisi, vizuizi na mihuri, lakini hakuna juji wa Kenya aliyeketi kwanza kusikiliza kama mtu yule anapaswa kutolewa.

Na hata karatasi ya juji ina mpaka wake. Tarehe 11 Aprili 2000 juji mmoja wa Ubelgiji alitoa barua ya kumkamata Abdoulaye Yerodia, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje, na kuipeleka katika nchi za dunia. Kongo haikutuma askari Brussels. Ilikwenda La Haye, katika Korti ya Kimataifa. Tarehe 14 Februari 2002 majuji 13 juu ya 3 wakasema Ubelgiji imevunja kinga ya waziri aliye kazini, na Korti ikaamua kwamba sharti ifute barua ile. Sisemi neno juu ya Yerodia alifanya nini au hakufanya nini. Nasema kwamba nchi yetu yenyewe ilisimama mbele ya ulimwengu ikauliza: “Una haki gani ya kumkamata mtu wetu?” Kama serikali iliweza kuuliza hivyo kwa ajili ya waziri, mke wa mchimbaji naye anaweza kuuliza hivyo hapa Katuba.

Kasumbalesa

Mtu ataniuliza: “Je, mwizi akivuka Kasumbalesa, ndiyo amepona?” Hapana. Hatutaki mpaka uwe maficho ya wezi. Nchi zetu zimejipatanisha. Wakubwa wa polisi wa kusini mwa Afrika waliunda umoja wao mwaka 1995, nayo Interpol, iliyoanza Vienna mwaka 1923, inapeleka habari za wanaotafutwa. Lakini jueni, Interpol haina askari wa kuja kugonga mlango wako. Inabeba habari tu, na kifungu cha 3 cha sheria yake kinaikataza kujiingiza katika mambo ya siasa, ya jeshi, ya dini au ya rangi. Anayekamata ni mpolisi wa nchi alipo mtu, kwa sheria ya nchi hiyo.

Kwa hiyo mpolisi wa Zambia akiwa upande wetu wa Kasumbalesa hana nguvu ya kukamata, na wetu akiwa upande wao hana pia. Walamba wako pande zote mbili, ni ndugu, wanazikana na kuoana. Lakini udugu ni jambo moja, amri ni jambo lingine. Mhalifu akivuka, karatasi na imfuate. Haiendi mbio kama gari, lakini inaacha alama, na alama hiyo ndiyo inayomwokoa asiye na kosa.

Mlinzi wa mgodi

Neno fupi juu ya mlinzi wa kampuni, maana tunakutana naye kila siku. Zamani, tangu mwaka 1900, Comité Spécial du Katanga ilitawala nchi hii ikiwa na polisi yake yenyewe. Utawala huo ulikwisha mwaka 1910. Leo kampuni si serikali, na mlinzi wake si mpolisi. Sheria ya kufuata mashtaka, ya tarehe 6 Agosti 1959, inayotumika hata leo pamoja na mabadiliko yake, inasema hivi: mtu akikamatwa katika kosa waziwazi, kosa la kifungo cha miaka mitatu au zaidi, na hakuna OPJ wala mkubwa wa mashtaka hapo, mtu yeyote anaweza kumshika ampeleke mara moja kwa mkubwa aliye karibu. Mtu yeyote, hata mama anayeuza mihogo. Mlinzi ana haki hiyo, wala si zaidi. Hana haki ya kukufunga katika kontena, wala ya kukufuata mpaka nyumbani kwako Ruashi na kupekua kitanda chako. Ua wa mgodi ndio mwisho wa sauti yake.

Maswali manne

Sasa tufanye nini? Sisemi mpigane na polisi. Mtu akipigana na mpolisi, kesho hatashitakiwa kwa deni, atashitakiwa kwa kupigana. Nasema tujifunze maswali manne, tuyaulize kwa adabu, na watoto wetu wakubwa wayajue.

La kwanza: “Bwana, wewe ni nani, na umewekwa kazi wapi?” Jina, cheo, mahali.

La pili: “Karatasi iko wapi, na imetiwa sahihi na nani?” Karatasi iliyokunjwa si karatasi. Ikiwa ametoka mbali, uliza kama amejionyesha kwanza kwa parke ya hapa.

La tatu: “Kosa ni nini?” Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema mtu anayekamatwa aambiwe mara moja sababu yake, kwa lugha anayoifahamu. Kama sababu ni deni tupu, kumbukeni Mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia na za siasa, ambayo nchi yetu iliyapokea mwaka 1976. Kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi aliyopatana na mwenzake. Wenye kudai wanajua hayo, kwa hiyo hulibatiza deni jina la utapeli. Ni kazi ya juji kutenganisha, si ya mpolisi aliyepewa franga za petroli na mwenye kudai.

La nne, na ndilo kubwa: “Mnampeleka wapi, na kwa nani?” Kifungu hicho cha 18 kinampa mtu haki ya kuonana mara moja na jamaa yake au avoka wake, na kinasema asifungwe kwa kuhojiwa zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mkubwa wa sheria anayehusika. Jamaa wakijua mahali, wanaweza kuhesabu saa. Wasipojua mahali, saa 48 hugeuka majuma.

Na kwa wandugu zetu wapolisi, maana nawaona wawili watatu humu, nasema hivi: kifungu cha 28 kinawalinda ninyi pia. Hakuna anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Mkubwa akikutuma mji wa watu bila karatasi, siku jambo likiharibika, yeye hatasema “nilimtuma.” Mtakumbuka niliyosema juu ya kunawa mikono.

Kazi yetu sisi wenyewe

Namaliza. Baada ya mwenzetu kurudi, nilikwenda kwa mkubwa wangu na daftari, nikaomba alama zile tatu zifutwe. Akaniuliza: “Ushahidi uko wapi?” Sikuwa nao, maana kule hawakumwandika. Tukaandika barua, watu 17 wa zamu yake wakatia sahihi kwamba walijua alichukuliwa. Alama zikafutwa. Wandugu, zile sahihi 17 ndizo zilizofanya kazi ambayo mpolisi na buloko yake hawakuifanya: kuandika kwamba mtu huyu yupo, na kwamba alichukuliwa.

Basi naomba tufanye jambo moja dogo. Katika kila kambi, kila mtaa, kila zamu, achaguliwe mtu mmoja na daftari. Mtu akichukuliwa, aandike siku, saa, jina la aliyemchukua, gari, na mahali waliposema wanakwenda. Siku hiyo hiyo daftari lipelekwe kwa avoka na kwenye parke, na karani wa zamu aambiwe asiandike uvivu. Hatuhitaji fujo wala mawe. Tunahitaji kalamu, na watu wasioogopa kutia sahihi.

Mwaka 1961 mji huu ulilala usiku mmoja, na watu watatu wakapitishwa katikati yake kutoka Luano hadi porini. Hakuna aliyeandika. Tusilale tena namna hiyo, hata kama anayepitishwa ni mchimbaji mmoja tu, mwenye deni la dawa ya mtoto.

 Mwenye swali na aulize.